Meli Niliyoimaliza Upande Mmoja

Ukipita Mweiga ukasikia mtu akiitwa Nahodha, ukageuka ukitarajia kuona mtu wa maana mwenye kofia nyeupe, samahani, ni mimi. Naitwa Ndirangu. Bahari sijawahi kuiona. Maji mengi zaidi niliyowahi kuyaona kwa macho yangu ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, na jina hilo nilipewa na watu waliosimama kando ya kidimbwi cha samaki wakacheka mpaka mama mmoja ikabidi aletewe kiti. Aibu niliyoipata siku hiyo siifichi, hata nikitaka kuificha iko kwenye simu za watu. Lakini nimenyamaza vya kutosha. Leo naeleza yote, pamoja na mahali ambapo kosa lilikuwa langu (ni pachache), ili mjue kwamba wengine pia walichangia na hakuna aliyewabandika jina.

Mimi ni mtu wa kuhama. Shule niliiacha darasa la saba, si kwa ukaidi, ni vile tu nilitaka kujua mambo ambayo hayakuwa kwenye ubao. Nimechuma majani chai Kangari, nimefuga kware wakati kila mtu alikuwa anafuga kware (na nikawala wakati kila mtu alikuwa anawala), nimeandika majina ya maduka mjini Nyeri, nimejenga mabanda ya kuku na nyumba za mbao kuanzia Mweiga hadi Naro Moru, na Nanyuki nilikaa karibu mwaka mzima kwa mchongaji mmoja aliyekuwa akiwauzia wageni twiga na vifaru. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwanajeshi mmoja wa kigeni alileta meli ndogo ya mbao, ndefu kama mkono, iliyovunjika mlingoti. Mchongaji akasema yeye ni mtu wa twiga. Nikaichukua mimi, na kabla ya kurudisha mlingoti nikachungulia ndani kupitia lile tundu, nikaona mbavu. Meli ina mbavu kama mbuzi! Uti wa mgongo huku chini, mbavu kushoto na kulia, halafu ngozi ya vipande vyembamba vya mbao vimepangwa kimoja juu ya kingine kuanzia puani hadi mkiani. Nilishangaa sana. Nikaanza kutazama video za watu wanaotengeneza meli kama hizo, lugha zao nyingi sizielewi lakini mikono yao naielewa, na baada ya wiki chache nikaanza kujiita fundi wa meli. Nani angenipinga? Kuanzia Nyeri hadi Nanyuki hakukuwa na mwingine.

Sasa, Mweiga kuna mwanamke anaitwa Nyawira, ana agroveti, anauza dawa za mifugo na chakula cha ng'ombe. Baba yake ni Mzee Gathogo. Huyu mzee ujana wake wote aliumalizia Mombasa, na aliporudi huku kulima viazi na kukamua ng'ombe alirudi na hadithi moja tu: kwamba alikuwa seremala wa meli, kwanza karakanani akitengeneza na kukarabati mashua za mbao, kisha ndani ya meli yenyewe ya mizigo, akazunguka nayo dunia. Shida ni kwamba ushahidi hakuwa nao. Karatasi zake zililiwa na mchwa, picha pia. Na jirani yake, Mzee Wahome, ambaye mashamba yao yametenganishwa na ua tu, alikuwa ameshasema miaka nenda miaka rudi, kwenye harusi, kwenye mazishi, hata kwenye foleni ya maziwa, kwamba Gathogo alikuwa mlinzi wa godauni huko Mombasa na bahari aliiona akiwa amekaa kwenye debe. Watu wakacheka, na mtu akichekewa kitu kimoja kwa miaka arobaini hicho kitu kinamkausha. Mzee alikuwa ameacha hata kuitaja bahari.

Familia ikaamua kumfanyia ibada ya shukrani kwa kufikisha miaka themanini, na Nyawira akanijia akaniambia anataka nimtengenezee baba yake meli ile ya mizigo, ndogo, ya kuweka juu ya kabati. "Ya kuweka juu ya kabati." Nayaweka maneno haya hapa mapema ili baadaye mtu asije akasema hakuyasikia. Iwe ya kumshtukiza, mzee asijue. Watu waione, akina Wahome wanyamaze. Na akaongeza kwa ile sauti ya watu waliosikia habari zangu:

"Ndirangu, wewe huwa unaanza vitu. Hii utamaliza?"

Nikasema nitamaliza. Akanipa stoo ya nyuma ya agroveti, katikati ya magunia, nikaanza.

Na nilianza vizuri, hilo hakuna mtu atanipokonya. Uti wa mgongo niliukata kwa plaiwudi, nikapachika mbavu kumi na nne, zikasimama wima kama askari. Vipande vya ngozi nilivipasua kutoka kwa mbao za saipresi, upana wa penseli, wembamba wa kijiti cha kiberiti, nikavilaza kwenye karai la maji ya moto vikalainika, nikawa navikunja taratibu kufuata mbavu na kuvishika kwa pini za fundi wa nguo mpaka gundi ikauke. (Meli yenyewe ya mzee ilikuwa ya chuma, najua, lakini ya kabati inajengwa kwa mbao, unaisugua msasa, unaipaka rangi, na hakuna anayejua.) Nikaweka kipande kimoja kushoto. Nikaweka kimoja kulia. Kimoja kushoto, kimoja kulia, vile nilivyoona kwenye video.

Halafu Nyawira akaingia stoo akaniambia watu wa familia kwenye kundi lao la simu wanauliza kama kuna kazi inafanyika au ni mimi tu nimelala juu ya magunia. Anataka picha kesho.

Hapo ndipo nilipoamua. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo, hata ungekuwepo hungeuona. Nilitazama meli, nikaona ina vipande vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukiipiga picha ni kama mbuzi aliyeanza kuchunwa. Nikajiambia: ninapojenga nyumba ya mbao, huwa namaliza ukuta mmoja kwanza, ndipo nahamisha ngazi niende ukuta mwingine. Kila fundi wa huku hufanya hivyo. Hakuna mtu anapigilia ubao mmoja mbele, anazunguka nyumba, anapigilia mwingine nyuma, hiyo ni kazi ya kichaa. Basi nikaumaliza upande wa kushoto wote, siku hiyo hiyo na asubuhi yake, nikaugeuza kwenye mwanga wa mlango, nikapiga picha. Ilikuwa picha nzuri, jamani. Kundi la familia lilijaa makofi. Kuna shangazi mmoja alisema amelia.

Siku iliyofuata nikaujaza upande wa kulia. Na nilipoitoa meli kwenye vibao vilivyokuwa vimeishika, nikaishika kwa pua, nikatazama kuelekea mkiani, nikaona imepinda kama pembe ya ng'ombe.

Sikuelewa. Nilipima mbavu, zilikuwa sawa. Nikapima upya. Sasa najua, kila kipande unachokikunja huwa kinataka kunyooka, na kikitaka kunyooka kinavuta, na ukiweka kumi na tano upande mmoja bila wenzao upande wa pili wa kuvutana nao, gundi ikikauka vimeshavuta uti wa mgongo wote upande wao na hauwezi kurudi. Lakini hayo nimeyajua baadaye, mbele ya watu mia moja na zaidi. Siku ile nilikuwa na meli iliyopinda na ibada ilikuwa Jumamosi.

Ningesema ukweli? Ndiyo. Lakini makofi ya kundi la familia yalikuwa bado yako masikioni. Nikajiambia mtu huitazama meli kwa ubavu, nani huinama akaitazama kwa pua? Upande wa kulia vipande vilikuwa vimeachana, kuna nyufa za kuingiza ukucha, na unga wa msumeno wa kuziba ulikuwa umekwisha. Nikatazama huku na huku. Nilikuwa kwenye stoo ya agroveti. Nikachota pumba laini ya ng'ombe kutoka kwenye gunia lililokuwa wazi, nikaikoroga na gundi nyeupe, nikaziba nyufa zote, nikasugua, nikapaka rangi nyeusi juu na nyekundu chini. Ilipendeza. Nyawira alikuja kuichukua, akaizunguka, akasimama pale puani (bila shaka), akasema ni kama imepinda.

Na mimi, kinywa changu, ambacho kimenitia taabu kuliko mikono yangu, kikamwambia kwamba meli zote hukaa hivyo, hupinda kidogo ili zikate maji.

Akaniamini. Mtu angenizuia pale. Lakini akaniamini.

Jumamosi boma la Mzee Gathogo lilijaa. Hema, viti, mukimo wa viazi na mahindi, mbuzi, mchungaji, akina mama wa kanisa na sare zao. Meli niliiweka mimi mwenyewe juu ya meza, nikaisukuma meza mpaka ukutani, upande wa kushoto ukatazama watu, nikasimama karibu ili mtu asiizunguke. Walipoondoa kitambaa kilichoifunika, watu wakanyoosha shingo. Mzee akainuka na fimbo yake, akaiendea, akaweka kiganja juu ya ubavu wake, akakaa hivyo, na machozi yakamtoka. Kwa dakika mbili, labda tatu, nilikuwa mtu mkubwa Mweiga. Nazikumbuka hizo dakika.

Kisha Nyawira akachukua maikrofoni akamshukuru fundi, akasema fundi wetu Ndirangu ana ujuzi wa ajabu, alimweleza hata kwamba meli hupinda kidogo ili zikate maji. Kwa maikrofoni. Nikaona kichwa cha mzee kikigeuka polepole.

Hapo Mzee Wahome akainuka kutoka kiti cha mbele (na alikuwa amealikwa, amekula, ana mfupa mkononi) akasema kwa ule upole wake wenye miiba:

"Gathogo, hii kitu ni mzuri sana. Lakini hata mimi naweza chongewa ndege niwaambie nilikuwa rubani. Kama ni meli, si iende maji tuone?"

Watu wakacheka. Na boma lile lina kidimbwi cha samaki, hatua thelathini kutoka kwenye hema, cha kufugia tilapia.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo damu yangu huchemka hadi leo. Nilisema. Nilisema kwa sauti, mara mbili, kwamba ile ni ya kabati. Mchungaji alinisikia, akanipiga begani akaniambia nisiwe na imani ndogo. Mchungaji! Mtu akikununulia picha ya ng'ombe utaiwekea ndoo chini uikamue? Lakini umati ulikuwa umeshainuka na viti vyao. Nikamtazama mzee, maana yeye alikuwa na neno la mwisho, na yeye akaiinua meli ile mwenyewe, akaigeuza, akafumba jicho moja akatazama kwa pua kuelekea mkiani, vile unavyotazama ubao kama umenyooka. Halafu akanitazama mimi. Alijua. Naapa alijua yote, pale pale, kabla hata ya maji. Lakini Wahome alikuwa amesimama hapo na mfupa wake.

"Iende," mzee akasema.

Akainama kando ya kidimbwi akaiweka juu ya maji. Ikaelea. Watu wakapiga makofi, hata mimi nikapumua. Akaisukuma kwa kiganja. Ikaenda mbele, ikaenda, ikaanza kukata kona kushoto, ikazunguka polepole kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ikarudi ikagonga ukingo pale pale, mbele ya viatu vya Mzee Wahome.

Mzee akaisukuma tena kwa nguvu zaidi. Ikarudi. Mara ya tatu aliitega ikitazama kulia kabisa, ili hata ikipinda ifike ng'ambo. Ikafika katikati, ikafikiria, ikarudi.

"Sasa nimeelewa," Wahome akasema. "Ndiyo maana ulirudi Mweiga."

Hicho kicheko sijawahi kukisikia mahali pengine. Akina mama wa kanisa walishikana. Simu zote zilikuwa juu. Na mimi nikadhani imeisha, kumbe gundi nyeupe na maji si marafiki. Tukasikia tik. Kipande kimoja cha upande wa kulia kikaruka kutoka kwenye mbavu, kikanyooka. Tik, kingine. Pumba ikaanza kumwagika kutoka kwenye nyufa. Na samaki wa kile kidimbwi hulishwa pumba, pumba ile ile, kutoka agroveti ile ile, na saa ilikuwa ile ile ya chakula chao. Walikuja wote. Meli ikaanza kutetemeka. Ikawa inavutwa huku na huku, inainama, inainuka, maji yanachemka kuizunguka, na mtoto mmoja akasema kwa sauti safi iliyofika hadi barabarani kwamba samaki wanakula meli ya guka, babu yake.

Nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimeshatafuta njia kwa macho, pale kati ya zizi na choo. Lakini Nyawira alikuwa amesimama pale, maikrofoni bado mkononi, hacheki. Alikuwa anamtazama baba yake. Ndipo nikamtazama mimi pia, na mzee hakuwa anatazama meli wala watu. Alikuwa anatazama viatu vyake tu, vile alivyokuwa ametazama miaka arobaini kila Wahome akifungua mdomo, na safari hii silaha nilikuwa nimemtengenezea Wahome mimi, kwa mikono yangu, na rangi juu. Miguu yangu ikakataa kwenda.

Nikaingia kwenye kidimbwi. Na suruali ya kuazima. Maji yalinifika kiunoni, matope yakanivua kiatu kimoja (bado kiko huko), nikaikusanya meli, nikamletea mzee, na kwa kuwa kinywa changu hakijui wakati wa kufunga nikamwambia mbele ya wote: "Mzee, uwongo ni wangu. Meli hazipindi. Hii niliipinda mimi na sijui nilifanya nini."

Mzee akakaa chini kwenye nyasi, na suti yake, akaiweka ile mifupa ya meli mapajani. Akaigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye vipande vya kushoto, vilivyokuwa bado vimeshika, kisha kwenye vya kulia vilivyoachia.

"Hii upande ulimaliza kwanza," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Yote, kabla ya kugusa hii ingine."

Nikasema ndiyo.

Akaguna. Akaanza kuongea, si na mimi, wala si na Wahome, alikuwa anaongea na ule uti wa mgongo. Akauita mkuku, akasema ndilo jina lake kwa watu wa pwani. Akasema mbao iliyokunjwa haisahau, siku zote inataka kurudi kunyooka, kwa hivyo unaipa adui wa nguvu sawa upande wa pili, moja huku, moja kule, ndiyo mkuku ukae katikati kama mtoto anayeshikwa mikono na wazazi wawili. Akaeleza jinsi walivyokuwa wakipika mbao nzima kwenye sanduku la mvuke, ubao unakaa humo kwa muda gani kwa kila unene, unautoa ukiwa na gunia mikononi, una dakika chache tu za kuukunja kabla haujawa na kichwa ngumu. Akaeleza jinsi nyufa huzibwa kwa pamba iliyopakwa mafuta, ikigongwa kwa patasi butu, na kwamba fundi mzuri hujua ufa umejaa kwa kusikiliza mlio wa nyundo tu. Akavua koti, akatuonyesha kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kile kisichokunjika, ambacho sote tulikuwa tumekiona maisha yetu yote tukidhani ni jeraha la panga. Akasema ni ubao uliomponyoka ukiwa moto, upande wa omo, yaani puani mwa meli, mwaka wake wa pili. Simu zikashuka moja moja. Mukimo ukapoa. Hakuna aliyecheka tena, na aliongea mpaka kivuli cha hema kikatufikia pale kwenye nyasi.

Alipomaliza, Mzee Wahome, ambaye alikuwa amechuchumaa bila kujijua ili asikie vizuri, akatupa mfupa wake.

"Hiyo," akasema polepole, "mlinzi hawezi jua."

Basi. Hakuomba msamaha, hakusema zaidi, lakini Mweiga nzima ilisikia. Siku hizi mzee akisimama kwenye foleni ya maziwa watu humuuliza habari za bahari, na anawapa, anawapa mpaka maziwa yanataka kuganda. Amerudishiwa jina lake. Na mimi nauliza kwa haki kabisa: alirudishiwa na nani? Meli iliyonyooka ingemsaidia nini? Ingeenda ng'ambo ya kidimbwi, Wahome angesema hata ndala huelea, watu wangekula keki wakaenda. Ni kupinda kwangu kuliomfungua mdomo. Lakini je, kuna mtu aliyesema asante Ndirangu? Yeye alipata heshima, mimi nikapata Nahodha, na kiatu changu kiko na samaki.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafunga begi niende zangu (nilisikia Meru kuna mtu anafuga konokono, nilitaka kuona) nikakuta mzee amekaa kwenye stoo ya agroveti, juu ya gunia, birika la maji ya moto miguuni na fimbo mkononi. Alikuwa ameshabandua vipande vyote. Mbavu zangu kumi na nne zilikuwa zimesimama wima, na alikiri mwenyewe kwamba mbavu ni nzuri, ingawa alisema akitazama ukutani. Uti wa mgongo tuliukata mwingine. Tangu siku hiyo tunafanya kazi kila asubuhi akishamaliza kukamua, na kila nikikosea upande nachapwa kwenye kifundo cha mguu na ile fimbo, mtu mzima kama mimi. Kimoja huku, kimoja kule. Ni kazi ya kichaa, naendelea kusema ni kazi ya kichaa, na mkuku umenyooka kama uzi.

Kiapo nilichoapa si cha kuacha meli. Nimeapa kwamba kitu changu hakitapigwa picha kabla hakijaisha, hata aombe nani. Juzi Nyawira alichungulia mlangoni akasema watu wa familia kwenye kundi wanauliza tumefika wapi, wanataka picha. Nilimtazama mzee, mzee akanitazama. Nikachukua simu nikawatumia picha ya birika.